Kompyuta nzito: inasubiri nini?

Ukimpelekea fundi laptop nzito, iwe Kariakoo au mtaani kwako, utasikia jibu hata kabla hajaifungua: "Tuipige Windows upya." Na dawa hiyo hufanya kazi. Laptop hurudi nyepesi, inawaka upesi, mwenyewe anafurahi. Baada ya miezi michache uzito uko palepale, na safari hii anaambiwa mashine imezeeka. Uzee huo ni wa kusingiziwa. Prosesa ya mwaka 2013 inapiga hesabu leo kwa karibu kasi ileile iliyotoka nayo kiwandani. Kilichobadilika ni mzigo: programu zimeongezwa moja moja, na karibu kila moja imejiandikisha iwashwe pamoja na mashine, hata ile ya printa iliyokwisha kuuzwa. Kupiga Windows upya kunafuta daftari hilo la waliojiandikisha. Hakumzuii yeyote kujiandikisha tena.

Kabla ya kulaumu umri, ni afadhali kuuliza mashine inasubiri nini, maana kompyuta nzito kwa kawaida haina kazi nyingi. Muda wake mwingi unapita katika kungoja. Unaweza kulishuhudia hilo mwenyewe. Washa laptop ya zamani yenye diski ya kuzunguka, na picha ya mezani ikishatokea tu bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager ikifunguka (nayo itachukua muda wake), tazama safu mbili. Ya prosesa huenda inasoma asilimia 10 au 15. Ya diski imeganda kwenye 100, rangi imekolea, na haishuki kwa dakika kadhaa. Kifaa ulichokilipia zaidi ya vyote kimekaa bure, kinakisubiri cha bei ndogo.

Hesabu yake si ngumu. Diski nyingi za laptop huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mzunguko mmoja ni milisekunde 11 hivi. Kipande cha data kinachotakiwa kwa wastani kiko nusu mzunguko mbali na kichwa kinachosoma, na kichwa chenyewe kinahitaji muda wa kusogea hadi kwenye njia husika. Chukulia milisekunde 15 kwa jumla kwa kila safari. Katika muda huo prosesa ya gigahezi 2 imepigwa mapigo milioni 30. Mfumo ukihitaji vipande 6,000 vilivyotawanyika ili uwake, na idadi ya namna hiyo si ya ajabu, utatumia sekunde 90 kwa safari za kichwa peke yake, kabla hujafungua chochote. Diski hiyohiyo ikiruhusiwa kusoma kwa mfululizo bila kurukaruka inaweza kutoa megabaiti 100 kwa sekunde. Inachoshindwa ni vurugu: ni muuza duka aliyebaki peke yake, wateja arobaini wanamwagiza kwa mpigo, na kila mmoja anamtuma rafu ya mwisho kabla hajamaliza ya mwenzake. Ndiyo maana programu kumi zinazojiwasha kwa pamoja huchelewesha zaidi ya kumi zinazopokezana.

SSD, ile diski ya kielektroniki, haina kinachozunguka wala kinachosogea. Safari iliyochukua milisekunde 15 inachukua chini ya sehemu ya kumi ya milisekunde moja. Kwa hiyo laptop ya mwaka 2012 iliyobadilishiwa diski huwa nyepesi kuliko ilivyokuwa siku ilipotoka dukani, na sijui marekebisho mengine ya bei hiyo yanayobadilisha mashine kiasi hicho. Fundi anayekupigia Windows upya mara tatu kwa mwaka bila kukutajia SSD ama hajui kazi yake au anaijua vizuri mno.

Foleni ya pili iko kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine. Ikijaa, mfumo huhamishia diskini yale usiyoyatumia kwa wakati huo, kisha huyarudisha ukiyataka. Mambo huenda vizuri mradi unachokitumia sasa hivi kinatosha ndani ya RAM. Kisipotosha, mashine hutoa hiki ili iingize kile, ikimaliza inakihitaji tena hiki ilichokitoa. Mwaka 1968 Mmarekani Peter Denning alieleza kwa nini hali hiyo haiji polepole. Mashine iliyokaribia kujaa inafanya kazi vizuri, unaongeza programu moja, na ghafla kazi yote inaporomoka kwa sababu muda wote unaishia kwenye kuhamisha. Mtu mwenye gigabaiti 4 za RAM na kurasa kumi na tano kwenye kivinjari anaishi ukingoni mwa shimo hilo kila siku. Anachokiona ni kwamba "ilikuwa sawa tu, mara ikastaki". Amesema kweli.

Kuganda nako kuna utaratibu wake. Kila programu yenye dirisha kwenye Windows ina foleni ya ujumbe: umebonyeza hapa, umechapa herufi hii. Programu iliyoandikwa vizuri humwachia mfanyakazi mmoja kazi nzito na mwingine akabaki kusikiliza foleni. Iliyoandikwa kwa haraka ina mmoja anayefanya yote mawili, na akizama kwenye kazi hakuna anayesikiliza. Zikipita sekunde 5 bila programu kugusa foleni yake, Windows huiona imekwama. Hapo huliondoa dirisha halisi machoni pako, huweka kivuli chake kilichopauka kuelekea weupe, na kuandika juu kwamba haijibu. Ukilivuta dirisha hilo huku na huku, unavuta picha. Android nayo imeweka sekunde 5 zilezile kabla ya kukuuliza kama unataka kuifunga programu au kuisubiri.

Sekunde 5 ni nyingi kwa binadamu. Robert Miller wa IBM aliandika juu ya mipaka hii mwaka huohuo wa 1968, na mwaka 1993 Jakob Nielsen akaieneza kwa namba tatu ambazo waandishi wa programu wangepaswa kuzijua kama jedwali la kuzidisha. Jibu likija ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtu huona ametenda mwenyewe. Likija ndani ya sekunde moja, ataona ucheleweshaji ila mawazo yake hayakatiki. Zikipita sekunde 10 akili imekwenda kwingine. Mfumo unaokuambia ukweli katika sekunde ya 5 umekuacha zaidi ya sekunde nne ukikisia, na mtu anayekisia hubonyeza tena.

Nenda kwenye steshenari yoyote siku ya mwisho ya kutuma maombi ya mkopo wa chuo uone matokeo yake. Umeme umekatika na kurudi, mashine mbili zinawaka kwa wakati mmoja, foleni ya wanafunzi imefika barabarani. Dada wa kaunta anabonyeza alama ya kuchapa, kimya. Anabonyeza tena, kisha tena kwa nguvu zaidi. Mibonyezo hiyo haijapotea. Imejipanga kwenye foleni. Programu inapozinduka inaitii yote, printa inatoa nakala tatu za kurasa nane, na mabishano yanaanza juu ya nani alipie karatasi. "Dada, mimi niliomba nakala moja." Kila mtu anailaumu mashine kwa kutosikia, ilhali imesikia kila kitu, ikakaa kimya tu.

Kwa nini basi kompyuta za leo, zilizo na kasi mara elfu kadhaa kuliko za zamani, zisubirishe watu namna hii? Niklaus Wirth, Mswisi aliyebuni lugha ya Pascal, aliliuliza swali hilo mwaka 1995. Jibu lake lilikuwa kwamba programu zinaongezeka uzito upesi kuliko vifaa vinavyoongezeka kasi. Wirth mwenyewe alisema wazo ni la mwenzake Martin Reiser, lakini limebaki likiitwa sheria ya Wirth. Wala hakuishia kulalamika. Yeye na Jürg Gutknecht walikuwa wamekwisha kutengeneza Oberon pale Zürich, mfumo mzima ambao maelezo yake yalienea kwenye kitabu kimoja. Mwaka huohuo wa 1995 ilitoka Windows 95, iliyodai RAM ya megabaiti 4 kwa uchache. Windows 11 ya mwaka 2021 inadai gigabaiti 4. Hiyo ni mara 1,024, na atakayejaribu kufanya kazi na kiwango hicho cha chini leo atateseka kama alivyoteseka aliyejaribu wakati ule.

Si haki kusema ongezeko lote ni mafuta ya bure. Windows XP ya mwaka 2001 iliwaka nyepesi, na mwaka 2003 mnyoo wa Blaster ukaingia kwenye mashine zake duniani kote kwa sababu tu zilikuwa zimeunganishwa na intaneti. Leo kila ukurasa wa kivinjari unafungiwa chumba chake ili ukurasa mbovu usiibe nywila za mwenzake; data inafungwa kwa siri kabla ya kwenda diskini; kila faili linapekuliwa na antivirasi linapofunguliwa. Ulinzi huo unakula RAM na muda, na mimi naulipia bila manung'uniko. (Antivirasi mbili kwenye mashine moja ni habari nyingine. Hazikulindi mara mbili, zinapekuana.)

Lakini sehemu nyingine ya uzito haina utetezi. Tangu mwaka 2013 upo mtindo wa kutengeneza programu za kompyuta kwa Electron, ambayo kimsingi ni kivinjari kizima kinachofichwa ndani ya kila programu. Kampuni inaandika mara moja, inatoa kwa Windows, Mac na Linux, inaokoa mishahara ya waandishi. Wewe unafungua programu ya kuchati, nyingine ya kazini, nyingine ya maandishi mafupi, na bila kujua umewasha vivinjari vitatu zaidi ya kile ulichokifungua kwa hiari yako. Akiba imebaki kwa kampuni, gharama imehamia kwenye RAM yako, wala haionekani kwenye hesabu za yeyote.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha suala lote. Uzito huu unaendelea kwa sababu muda wa mtumiaji hauna mwenye kuusimamia. Mfano ulio wazi kuliko yote ninayoijua ni mchezo wa GTA Online. Kwa miaka mingi wachezaji wa kompyuta walingoja dakika kadhaa ufunguke, wakaamini ndivyo ulivyo, mkubwa. Mwaka 2021 mtu mmoja asiye mwajiriwa wa kampuni iliyoutengeneza, na asiye na maandishi asilia ya programu, aliamua kutazama mashine yake inafanya nini katika dakika sita za kungoja. Aligundua mchezo unasoma orodha ya bidhaa ya megabaiti 10, yenye vitu kama 63,000. Kila ulipochukua kitu kimoja, ulihesabu upya urefu wa maandishi yote yaliyosalia hadi mwisho. Kisha ulipoongeza kitu kwenye orodha yake, ulipitia vyote vilivyotangulia kimoja kimoja kuhakiki kama hakijawekwa. Alirekebisha makosa hayo mawili, na dakika sita zikawa chini ya mbili. Kampuni ya Rockstar ilikubali, ikatoa marekebisho kwa wote, ikampa dola 10,000. Mchezo huo uliingiza mabilioni ya dola, na hakuna aliyekuwa ametumwa kuangalia kwa nini unachelewa kufunguka.

Pale ambapo mtu ametumwa, mambo hubadilika. Andy Hertzfeld, mmoja wa waliotengeneza Macintosh ya kwanza, amesimulia jinsi Steve Jobs alivyomwendea mhandisi Larry Kenyon mwaka 1983 akitaka mashine iwake kwa sekunde 10 pungufu. Alimpigia hesabu: watu milioni 5, kila mmoja akiokoa sekunde 10 kwa siku, kwa mwaka ni maisha ya watu dazeni nzima. Alizidisha kidogo, kama kawaida yake. Ukikokotoa unapata miaka kama 579, maisha ya watu wanane waliofika miaka 70. Hata hivyo katika miezi michache iliyofuata sekunde hizo zilipatikana, na zaidi.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha mwaka 2008. Arjan van de Ven na Auke Kok, wahandisi wa Intel, walichukua Eee PC, kile kilaptop kidogo cha bei nafuu cha Asus, wakakiwasha kwa Linux katika sekunde 5. Ujanja wao mkubwa ulikuwa bajeti. Hawakujiuliza wapunguze nini. Waligawa sekunde: moja kwa kiini cha mfumo, moja kwa huduma za awali, moja kwa michoro, mbili kwa meza ya kazi. Aliyezidisha fungu lake ilibidi ajirekebishe au aondoke. Pia walikataa ulaghai uliozoeleka. Mfumo haukuhesabiwa umewaka kwa kuwa picha ya mezani imetokea. Ulihesabiwa umewaka pale prosesa na diski zilipotulia. Kwa kipimo hicho, laptop nyingi zinazosifiwa kuwaka kwa sekunde 20 bado hazijawaka hata katika dakika ya tatu.

Maana mifumo imejifunza kupendeza kabla ya kuwa tayari. Huduma nyingi za Windows zimepangwa zianze kwa kuchelewa kidogo ili meza ionekane mapema. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kuna Fast Startup: ukichagua kuzima, kiini cha mfumo hakizimwi, kinanakiliwa diskini na kurudishwa kesho yake kama kilivyokuwa. Ni jambo jema hadi kinapokuwa na tatizo, kwa sababu tatizo nalo linanakiliwa. Mtu anayeizima laptop kila usiku anaweza kufungua Task Manager akakuta imeandikwa kwamba iko hewani kwa siku ishirini. Ndiyo maana "Restart" hutibu kisichotibiwa na "Shut down", jambo linaloonekana kama ushirikina hadi ulijue. Hata ule mstari wa kuonyesha kazi imefika wapi una hila zake. Mwaka 2007 Chris Harrison na wenzake walionyesha kwamba watu huona muda ni mfupi zaidi mstari ukikimbia mwishoni, hata kama jumla ya dakika ni ileile.

Kwetu Afrika Mashariki yapo mengine ambayo waandishi wa mifumo hii hawakuyaweka akilini. Laptop nyingi hapa ni za mtumba, zimefanya kazi miaka kadhaa katika ofisi za Ulaya au Marekani, nyingine zikapitia Dubai. Feni imejaa vumbi, dawa ya kupoozea iliyo juu ya prosesa imekauka, na chumba kina joto la Dar es Salaam au Mombasa. Prosesa ikipata moto hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na mwenyewe anaona uzito usio na sababu kila ifikapo mchana. Kuna chaja pia. Baadhi ya laptop zikichomekwa chaja zisiyoitambua hupunguza kasi ya prosesa, na chaja zinazofanana na halisi zimejaa kila duka. Mtu anaweza kununua RAM bure kumbe tatizo liko kwenye waya. Bado hujahesabu Windows inayoshusha masasisho ya gigabaiti nzima kupitia bando la simu, kwa sababu imeundwa na watu wasionunua intaneti kwa kipimo. Kwenye mipangilio unaweza kuiambia Windows kwamba mtandao huo ni wa kulipia kwa kipimo, na ni jambo la kwanza la kufanya.

Usidhani dawa ni kununua mpya. Laptop mpya za bei ya chini mara nyingi zina prosesa ya Celeron, RAM ya gigabaiti 4 iliyounganishwa moja kwa moja kwenye bodi, na hifadhi ya eMMC iliyo dhaifu kuliko SSD ya kawaida, na vyote hivyo havibadilishiki. Kwa pesa hizohizo ningechukua mtumba wa ofisini wenye prosesa ya i5, RAM ya gigabaiti 8 na SSD bila kufikiri mara mbili.

Isipokuwa sasa kuna jambo la tarehe. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitolea Windows 10 marekebisho ya kawaida ya usalama, na mpango wa nyongeza kwa watumiaji binafsi ulipangwa kufika Oktoba 2026. Windows 11 inadai kijenzi cha usalama cha TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha nane kwenda juu, isipokuwa chache sana. Wanunuzi wameshajifunza kuuliza: "Hiyo i5 ni gen ya ngapi?" Mashine za gen ya nne hadi ya saba, nyepesi kabisa zikiwekewa SSD, zimeachwa nje kwa uamuzi wa karatasi. Ninaelewa hoja ya usalama, ila siikubali inapoitupa mashine yenye uwezo wa kufanya kazi kwa miaka mitano mingine.

Linux inazipokea mashine hizo bila masharti, na Linux Mint kwenye gen ya nne inawaka upesi kuliko Windows 11 kwenye nyingi zinazoiruhusu. Kikwazo kiko kwenye kazi inayotakiwa. Hati ya Word iliyoletwa kwenye fleshi ikifunguliwa na LibreOffice inaweza kusogeza mistari na jedwali likavuka ukurasa, na mteja aliyelipia chapa ya CV yake hapokei maelezo. Kwa hiyo steshenari na mhasibu watafute gen ya nane. Laptop ya gen ya tano aliyonayo mwanafunzi nyumbani, ya kusomea, kuandika na kuperuzi, iwekewe SSD na Mint wiki hii.